Nilimwambia asiuguse mkono wangu wa kushoto

Bei na mandhari ya chumba cha masaji nilichokwenda kukandwa, kilichoko Mwanga, hapa Kigoma, sitavizungumzia, kwa kuwa kila mpita njia anaweza kwenda kuviona na kuuliza mwenyewe. Ninaandika kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto.

Nilifanyiwa upasuaji wa titi Mwanza, nikaondolewa na tezi za kwapani, na tangu hapo nasafiri kwenda hospitali ya Bugando, huko huko Mwanza, kupata dozi za dawa ya saratani, kisha narudi nyumbani nikiwa na kichefuchefu, ganzi ya nyayo na usingizi usiokuja. Daktari hakunikataza kukandwa. Alinieleza kwamba kukandwa hakuponyi saratani, na kwamba hakuna ushahidi kuwa kunaisambaza kama wengi wetu tunavyohofia, bali kunaweza kupunguza wasiwasi, maumivu na kichefuchefu kwa muda, mradi mkandaji awe na mkono mwepesi, akae mbali na kidonda, na asiukamue mkono wa upande ulioondolewa tezi, kwa sababu majimaji ya mwili yamepungukiwa na njia hapo na mkono unaweza kupata uvimbe usioisha. Aliniagiza pia nipime damu kwanza, kwani dawa hizi hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na aliyepungukiwa nazo huvilia damu hata kwa kubonyezwa kidogo.

Hayo yote nilimweleza mchuaji, mwanamume mtu mzima anayesifika kwa kuwarudisha wachezaji wa mpira uwanjani, kabla sijajilaza. Hakuniangalia. Alisema, "Mama, nimechua watu tangu wewe hujaugua. Lala." Mgongo aliufanya vizuri, siwezi kumnyima haki hiyo. Kisha akaushika mkono wa kushoto, akaukamua kwa vidole gumba kutoka kiganjani hadi begani, nami nikamwambia, "Baba, huo hapana," akajibu kwamba maumivu ndiyo dalili ya dawa kuingia, akaendelea. Nilipouvuta mkono kwa nguvu, akasema wagonjwa wa saratani tunadekezwa mno hospitalini.

Tunadekezwa! Mtu huyu humwuliza mchezaji ni goti lipi linalomsumbua, lakini mwanamke aliyetoka kukatwa titi anamwambia kwa kinywa chake asiguse wapi, naye anapaona hapo hapo ndipo pa kuonyeshea ufundi. Jioni ile mkono ulikuwa mzito, bangili hazikutoka, na mpaka leo naenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kufungwa bendeji.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mgonjwa yeyote asikanyage pale, na ingekuwa rahisi, lakini nisingekuwa mkweli, maana siku ile nilikuwa nimerudi pale kwa sababu ya binti anayemsaidia mzee huyo. Wiki chache kabla, mzee akiwa msibani, binti huyo ndiye aliyenipokea, na neno lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa, "Shangazi, nianzie wapi, na wapi nisiguse?" Alinipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nyayoni na kwenye miundi, taratibu kama anayempaka mtoto mchanga, akawa ananiuliza kila mara kama anabonyeza kupita kiasi. Kichefuchefu kilitulia, nikalala usiku ule hadi adhana ya alfajiri. Tangu nianze matibabu, ukiacha dawa zenyewe, sijapata huduma iliyonifaa kuliko hiyo.

Kwa hiyo ningesema nendeni mkamwulize binti. Hapana, ngoja: chumba ni cha mzee, na akiingia katikati ya kazi binti hana kauli mbele yake, kwa hiyo mgonjwa wa saratani asiende pale bila ndugu wa kukaa naye humo ndani na kusema "acha" kwa sauti ya mtu asiyeumwa. Binti huyo akijitenga na kufungua pa kwake, hata barazani kwao Ujiji, mteja wake wa kwanza nitakuwa mimi.