Fimbo ya kuagiza kwa fundi: nimeivulia trauti misimu miwili, haya ndiyo niliyoyaona

Habari zenu, ndugu watazamaji. Hii hapa mezani ndiyo fimbo mnayoniulizia kila mara, ya kuvulia trauti, samaki wa mito ya maji baridi, kwa nzi bandia. Futi 8 na inchi 6, namba 4, vipande vinne, kaboni yenye mwendo wa kati. Sikuinunua ikiwa tayari. Niliagiza kwa fundi, akaijenga kuanzia ufito mtupu, yaani mwili wa fimbo bila mpini wala pete. Nimeivulia misimu miwili mizima kabla ya kuizungumzia, kwa sababu kipya kinyemi, na sikutaka kuwasifia kitu ambacho bado kinanukia gundi.

Kwa aliyejiunga nasi leo: katika uvuvi wa fimbo wa kawaida, uzito wa chambo au risasi ndio unaouvuta mshipi kutoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Nzi bandia hana uzito huo. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye kindoano. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito wake, na kazi ya fimbo ni kujipinda chini ya uzito huo kisha kujinyoosha. Kwa hiyo ile namba iliyoandikwa juu ya mpini haisemi fimbo ina uzito gani. Inasema ni mshipi wa namba gani utakaoipinda ipasavyo. Mishipi hupimwa kwa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9 na kidogo. Namba 3 ni kama gramu 6.5, namba 4 gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1.

Sasa zitazameni vizuri hizo futi 30. Kipimo hicho kinachukulia kwamba futi 30 zote ziko hewani. Mimi huvua vijito vyenye miti pande zote, na mara nyingi mshipi uliotoka nje ya ncha ya fimbo ni futi 15, pengine 20. Kwa hiyo mshipi wangu wa namba 4 ukiwa hewani una nusu tu ya ule uzito, tena pungufu, kwa kuwa mwanzo wake huchongwa mwembamba ili nzi atue polepole.

Hapo ndipo nilipokosea katika fimbo yangu ya kwanza ya kuagiza. Nilimwambia fundi nataka futi 9, namba 5, ngumu, inayorusha mbali. Akanijengea hivyo hivyo, na kazi yake ilikuwa safi. Uwanjani, kwenye nyasi, ilirusha mbali kweli. Nilipoingia nayo kijitoni na mshipi mfupi, ikawa haijipindi kabisa. Mkono hausikii kitu, nzi anaanguka majini kwa kishindo, trauti wanatawanyika. Nilikuwa nimeagiza fimbo ya mto ambao sivui.

Ndiyo maana nawaomba, kabla hamjamwandikia fundi yeyote, fanyeni jambo hili. Chukueni kalamu ya wino usiofutika, mtie alama kwenye mshipi wenu wa sasa katika futi 15, 20, 30 na 40. Kisha mwende kuvua kama kawaida, na kila trauti akishika, tazameni ni alama ipi iko kwenye ncha ya fimbo. Fanyeni hivyo siku tatu au nne. Mimi nilipofanya, sikuwa na samaki hata mmoja aliyeshika zaidi ya futi 30. Nilimpelekea fundi wa pili matokeo hayo badala ya maneno matupu ya "nataka fimbo nzuri", na mazungumzo yakabadilika kabisa.

Aliniuliza mengine pia. Navua nimesimama majini au kutoka ukingoni? Nyuma yangu kuna nafasi ya kurusha au kuna matawi? Nzi wangu wengi wanaelea juu, au wanazama wakiwa na kishanga kizito? Uzi wa mwisho, ule unaofungwa kati ya mshipi na nzi, ni mwembamba kiasi gani? Mkono wangu una upana gani? Fundi asiyeuliza maswali ya namna hii, akakimbilia kuuliza rangi ya nyuzi, mimi nisingempa kazi.

Tuje kwenye mwendo wa fimbo, maana ndiyo roho ya jambo lote. Tazameni hapa nikiishika mpini na kuitikisa. Fimbo ya kasi hujipinda zaidi kwenye theluthi ya juu, huku chini ikibaki imara. Inapenda mshipi mrefu, inapenda upepo. Fimbo ya polepole hujipinda hadi karibu na kiganja. Hii ya kwangu iko katikati: mnaona, hata kwa mtikiso mdogo inashuka mpaka hapa, kipande cha pili kutoka juu. Kwa futi 15 za mshipi inajaa, mkono unasikia, na nzi anatua kama jani. Faida nyingine ni ulinzi wa uzi. Uzi wa mwisho ninaotumia una unene wa kama milimita 0.15, na trauti mwenye nguvu akigeuka ghafla, ncha laini ndiyo inayomeza ule mshtuko. Kwa ile fimbo ngumu nilikatiwa uzi mara nyingi mno.

Hasara yake siifichi. Upepo ukivuma usoni, fimbo hii inachoka. Kuanzia futi 45 hivi unailazimisha, na kitanzi cha mshipi, ule mkunjo wake ukiwa hewani, kinafunguka kikawa kipana. Anayevua maziwa au mito mipana asiifuate hii. Futi 9 namba 5 au 6, yenye kasi kiasi, itamfaa zaidi. Anayevua kwa nimfu, yaani nzi bandia wanaoiga wadudu wachanga wa majini, wanaozama, bila kulaza mshipi juu ya maji, atafute futi 10 au 11 katika namba 2 hadi 4, ili aunyanyue mshipi juu ya mikondo. Na mwenye kijito kilichofunikwa na vichaka, futi 7 hadi 7 na nusu zinamtosha.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kuna kipimo rasmi cha mishipi, lakini namba ya fimbo ni maoni ya aliyeitengeneza. Fito mbili zenye namba 4 zinaweza kutofautiana kabisa. Mmarekani William Hanneman alilisumbukia jambo hili akabuni njia rahisi ya kulipima. Unaulaza ufito, unafunga kifuko kwenye ncha, unatia sarafu za senti moja za Marekani, zilizotengenezwa kuanzia 1983, kila moja gramu 2.5, mpaka ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa fimbo. Idadi ya sarafu inakupa nguvu halisi ya fimbo, na unaweza kulinganisha moja na nyingine bila kutegemea maandishi. Muulizeni fundi kama amepima. Wa kwangu alikuwa amepima fito tatu kabla ya kunichagulia huu.

Malighafi nitapita haraka. Kaboni ni nyepesi na inarudi upesi, lakini ile ngumu sana ina kuta nyembamba, na kishanga cha nzi kikiigonga hewani inaweza kupata jeraha lisiloonekana, ikavunjika siku nyingine. Faibaglasi ni nzito kidogo, pole, inavumilia, na kwa kijito kifupi ni raha tupu. Mwanzi uliopasuliwa, vipande sita vya pembetatu vilivyogandishwa pamoja, ni kazi ya mikono ya muda mrefu. Ninauheshimu, ila sijauvulia vya kutosha kuwashauri.

Sasa kazi ya fundi mwenyewe. Sogezeni macho hapa kwenye mpini. Ni vipande vya koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, vilivyogandishwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kama nusu inchi, halafu vikachongwa. Mpeni kidole gumba chenu kazi: pitisheni polepole. Koki hafifu ina mashimo yaliyozibwa kwa unga na gundi, na baada ya msimu mmoja ule unga unatoka. Huu wangu bado ni mzima, isipokuwa kishimo kimoja hapa chini. Umbo nilichagua jembamba mbele, linalofanana na sigara, kwa sababu kwa mirusho mifupi naweka kidole cha shahada juu. Ule mpini uliovimba mbele kwa ajili ya gumba ni wa fimbo nzito. Kwenye namba 4 unajaza mkono bure.

Pete zinazopitisha mshipi kwenye ufito ndizo zinazonionyesha fundi ni nani. Kanuni ya kawaida ni angalau pete moja kwa kila futi, na moja ya ziada, ukiacha ile ya nchani. Hapa nina kumi. Lakini idadi haitoshi. Nafasi zake zinatakiwa zipangwe fimbo ikiwa imepindwa na mshipi ukiwa umepitishwa ndani. Angalieni nikiifunga ncha hapa na kuvuta: mshipi unaufuata mpindo wa ufito taratibu, hakuna mahali unapokata kona kama kamba ya upinde. Kwenye fimbo niliyowahi kutumiwa na fundi mmoja, mshipi kati ya pete ya tatu na ya nne ulikuwa mbali na ufito kabisa, maana yake uzito wote ulikuwa unaangukia sehemu moja. Niliirudisha. Kisha fumbeni jicho moja mtazame kutoka kwenye mpini hadi nchani. Pete zote zikae mstari mmoja.

Nyuzi zinazofunga pete niliagiza za kijani kibichi. Zilikuja kijani iliyokolea, karibu nyeusi, na nilisikitika. Sababu ni kwamba epoksi, ile gundi inayopakwa juu ya nyuzi, ikinywewa na uzi, rangi hukolea au uzi hugeuka kama kioo, isipokuwa fundi aupake kwanza dawa ya kulinda rangi. Mwambieni mapema mnataka lipi, tena muombe kipande cha majaribio kilichokwisha kupakwa. Jambo nililofurahia sana ni hizi pindo mbili nyembamba za uzi juu ya mpini, sentimita 30 na 40. Namlaza trauti kando ya fimbo akiwa bado majini, nampima, namwachia bila kumshikashika.

Maungio ya vipande yalinitisha mwanzoni, nawaambia ili msitishike. Kati ya vipande kuna mwanya wa kama sentimita moja, kijiti cha ndani kinaonekana. Si kasoro. Maungio ya kijiti cha ndani huachwa hivyo makusudi, kwa sababu yanalika kadiri unavyoyatumia, na mwanya unapungua.

La mwisho ni mizani. Tieni rili yenye mshipi wake wote, mlaze fimbo juu ya kidole, pale mbele ya mpini ambapo kidole chenu hushika. Ikilala sawa, mkono hautachoka jioni. Yangu ilikuwa inaangukia mbele kidogo. Nilibadili rili, si fimbo, nikachukua iliyozidi gramu 25 hivi, na tatizo likaisha. Kwa hiyo pimeni rili yenu mkampe fundi uzito wake kabla hajakata koki.

Je, ningeiagiza tena? Ndiyo, ufito huu huu na urefu huu huu. Ningebadili vitu viwili tu: nyuzi zipakwe dawa ya rangi, na pete ya kwanza isogezwe kama sentimita tatu kuelekea mpini, maana mkono wangu wa kushoto ni mfupi na huwa naifikia kwa shida ninapovuta mshipi. Fundi alikuwa ameniuliza urefu wa mkono huo. Nilimjibu kwa kukisia. Nyinyi chukueni utepe mpime.