Uzoefu wangu: nilimlipa fundi aikague Perkins ya zamani kabla sijanunua boti

Nilikuwa natafuta boti ya faiba ya kupeleka wageni Kisite, ile hifadhi ya baharini. Mwezi Januari nikasikia kuna moja inauzwa Mtwapa, futi 30 na kidogo, injini ya ndani, Perkins 4.236. Muuzaji anataka milioni moja na laki nne, shilingi za Kenya. Picha alizonitumia zilionyesha viti vipya na injini iliyopakwa rangi ya buluu hadi inang'aa. Rangi hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Injini kuukuu kupambwa kama bibi harusi, lazima kuna jambo.

Jamaa mmoja wa Shimoni akaniunganisha na fundi wa injini za baharini, mzee wa makamo. Malipo yake shilingi 12,000 kwa ukaguzi, nauli na chakula juu yangu.

Siku ya kwanza alichelewa saa moja na nusu, nikaanza kujuta. Alipofika hata kisanduku cha spana hakukifungua. Aliteremka ndani, akaweka kiganja juu ya bloku, akakiacha hapo kama mama anayempima mtoto homa.

"Bwana, injini hii imeamka saa ngapi leo?"

Muuzaji akasema ameiwasha kidogo tu, kuchaji betri.

"Basi tutakuja kesho, tuikute imelala. Tafadhali usiiamshe."

Tukaondoka. Ndani ya matatu nilikuwa nimenuna, nikidhani mzee anatafuta malipo ya siku mbili (hakudai, alichukua nauli tu). Akanieleza polepole. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Ringi za pistoni zikichoka au vali zikivuja, hewa haibanwi sawasawa, na injini ikiwa baridi ndipo itakapokusumbua. Ikishapashwa moto, hata mgonjwa husimama. Akaongeza kwamba kwa joto hili la kwetu, Perkins inayokataa kuwaka asubuhi haina pa kujitetea.

Kesho yake tulifika mapema kuliko tulivyoahidi. Kiganja tena: baridi. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kwa vidole, akanusa. Nyeusi, na hilo halikumshughulisha, kwa sababu oili ya dizeli huwa nyeusi. Alichokitafuta ni rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameshaingia. Akasema pia angeikuta safi kama asali angeuliza nani kaimwaga ya zamani, na ya nini siku ya mnunuzi. Oili ya gia boksi ilikuwa nyekundu kama inavyotakiwa. Ingekuwa imegeuka kama sharubati ya mapera, basi kipozeo chake kingekuwa kimetoboka.

Akapangusa namba ya injini, ikasomeka inaanza na herufi LD. Akatabasamu. Kumbe herufi hizo ndizo za 4.236 isiyo na tabo (turbo), na 236 yenyewe ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 3.9. Injini ya ukoo huohuo ilifungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwa hiyo ringi, beringi na gasketi unazipata kwenye maduka ya spea za trekta bila kuagiza Uingereza. Vile vya baharini, kama kipozeo na pampu ya maji ya chumvi, ndivyo vitakavyokutoa jasho.

Ikawashwa. Mizunguko miwili, ikashika. Moshi mweupe kidogo, haukumaliza dakika. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akatazama kama inapumua moshi kwa nguvu. Ilipumua kistaarabu. Mimi nilikuwa tayari kutoa pesa.

Yeye akazima, akaenda nyuma kwenye ekzosi, kwenye ule mpindo ambapo maji ya chumvi yaliyokwisha kupoza injini huchanganywa na moshi ili yatoke nao nje. Akalegeza bomba la mpira, akaniambia nitie kidole. Kilipita kwa shida. Kutu na chumvi vilikuwa vimejaa ndani, na nje rangi ya buluu inameremeta! Moto na chumvi vikikutana hapo hula chuma kutoka ndani, na siku mpindo unapotoboka au kuziba, maji hurudi nyuma, yakapita kwenye vali za moshi hadi ndani ya silinda. "Nimezika Perkins tatu," akasema, "na zote zilikufa maji."

Impela ya pampu, kile kijigurudumu chenye mbawa kinachosukuma maji, nayo ilikosa mbawa mbili. Akaniuliza ninadhani ziko wapi. Tulizikuta zimenasa kwenye mirija ya kipozeo.

Majaribio tuliyafanya palepale kwenye hori la Mtwapa. Dakika ishirini moto wote, joto likasimama kwenye nyuzi 80 na kitu, mizunguko ikafika 2,400 kwa dakika. Moshi mweusi kiasi. Alisema boti ina makombe mengi ya baharini yaliyoganda chini na hayo peke yake huilemea injini. Tulipokaa kwenye bei, mpindo, kipozeo na impela vikanipunguzia laki moja na nusu. Nikanunua.

Sasa malalamiko yangu. Hakuwa na kipimo cha mbano wa silinda, alitegemea sikio. Ripoti ya maandishi hakuna. Daftari nililoandika mwenyewe akizungumza ndiyo ripoti. Na kubwa kuliko hayo nililijua mwezi Juni, kusi imepamba moto, nimebeba wageni sita. Tulipotoka tu kwenye kivuli cha kisiwa cha Wasini, mawimbi yakaanza kuturusha, injini ikapungua nguvu, ikazima. Kikombe cha filta ya dizeli kilikuwa kimejaa tope jeusi. Nikabadilisha filta, nikatoa hewa kwa kupampu kwa mkono, ikawaka, tukaenda dakika kumi, ikazima tena, na filta ya akiba ndiyo hiyo iliyokwisha kuziba. Tulivutwa na boti nyingine hadi Shimoni. Pesa za wageni nilirudisha.

Tangi, kumbe. Maji yaliyotuama chini ya dizeli yalikuwa yameotesha ute kwa miaka, na ute ule ulikaa kimya kwa kuwa boti yenyewe ilikuwa imekaa kimya. Sisi tuliijaribu wakati wa kaskazi, ndani ya hori, maji kama kioo. Ingetikiswa nje ya mwamba hata nusu saa, tungelijua siku ileile.

Nilimpigia fundi kwa hasira. Hakubisha. "Ni kweli bwana, hori halina mawimbi. Hapo nilikosea." Alikuja akafungua tangi kwa nusu ya malipo yake, tukatoa karibu nusu ndoo ya uchafu. Siku hizi, anasema, hakubali kutoa jibu mpaka boti itoke nje ya mlango wa mwamba, muuzaji apende asipende.

Injini yenyewe haijanisumbua. Inavuja oili kidogo, natandika karatasi chini yake. Fundi nampa nne kati ya tano. Nikitafuta boti ya pili nitamwita yeye yule, ila nitamwambia muda wa kufika ni saa moja kabla ya ule ninaoutaka.