DVD ya The Lion King ya 1994: mimi nimenunua sauti

Haya jamani, karibuni tena. Diski yenyewe hii hapa. Hadithi mnaijua, watoto wenu wanaijua, tusipoteze muda. Leo nina kitu kimoja tu: sauti ya Mufasa, James Earl Jones.

Nazima picha kabisa, sikilizeni spika. Hapa Mufasa anamgombeza mwanawe baada ya zile purukushani za fisi... Umesikia? Anaanza chini, taratibu. Akifika kwenye kumtaja Nala, rafiki wa mwanawe, ananguruma! Sasa subiri kidogo... hapa. Anakiri kwamba leo na yeye aliogopa. Koo ni lile lile, uzito ule ule, lakini imelainika. Narudisha tena, mtanisamehe.

Na huyu mzee Jones utotoni alikuwa na kigugumizi, akakaa miaka kama minane karibu haongei. Ni mwalimu wake wa sekondari kule Michigan, Donald Crouch, aliyegundua kijana anaandika mashairi, akamsimamisha ayasome mbele ya darasa.

Ile Lion King iliyotengenezwa upya 2019? Alirudi yeye mwenyewe kumsemea Mufasa, na sauti sina neno nayo. Ila simba wamechorwa kama wa Serengeti kweli kweli, basi uso hausemi kitu! Sauti inalia, sura imenuna. Kwangu ya 1994 inashinda.

Halafu kuna wale wa kwenye komenti: "huyo ni sauti tu." Sauti tu? Sawa, Darth Vader, yule mbaya wa Star Wars ya 1977, alikuwa sauti, mwili ni wa David Prowse, na Jones mwenyewe ndiye aliyeomba jina lake lisiandikwe. Lakini jukwaani Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo New York, alishinda tuzo mbili za Tony: 1969 kwa The Great White Hope, 1987 kwa Fences. Runinga? Mwaka 1991 alibeba tuzo mbili za Emmy kwa mpigo. Na baba mfalme wa Coming to America, yule mwenye ngozi ya simba begani, mlidhani nani? Jones alifariki Septemba 2024, akiwa na miaka 93, na Broadway kuna ukumbi mzima una jina lake.

Bei: muuzaji alianza na elfu ishirini, tukamalizana kumi na tano. Kwa diski iliyotumika bado kanipiga. Ila kama unasikilizia spika ya simu, acha tu, ile besi yote hutaipata. Video ya spika za chini ya laki inapanda Ijumaa, msiniulize tena.