Kuchagua sakafu na rangi kwa akili mnemba: majibu safi, picha hapana

Nimeitumia akili mnemba kulinganisha sakafu na rangi za sebule. Kwa maelezo naipa alama nzuri. Kwa picha, bado sana.

Sakafuni nilikuwa nimebaki na vigae vya poselini, vigae vya seramiki na vinaili, yaani sakafu ya plastiki, ya vipande vinavyopachikana. Nilipouliza ipi bora nikapewa hotuba ndefu isiyoegemea popote. Nikakieleza chumba chenyewe: mlango unafungukia nje, mchanga unaingia na viatu, deki inapigwa kila siku, jua la alasiri linapiga dirishani. Hapo majibu yakapata mashiko. Poselini hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo deki si tatizo. Seramiki ikimeguka, udongo wa ndani wenye rangi nyingine unajitokeza. Vinaili ni raha mguuni, lakini jua kali huitanua na mchanga huikwaruza. Nikajua niondoe kipi bila kubishana na mtu.

Nilipiga pia picha maandishi ya kwenye boksi la vigae ili inisomee. PEI 4 iliisoma sawasawa, ikafafanua kuwa ni kipimo cha glezi, lile tabaka gumu la juu ya kigae, kuhimili msuguano wa kukanyagwa. Halafu ikaongeza kwamba kigae kina R10, yaani daraja la kuzuia utelezi. Kwenye boksi hapakuwa na R yoyote! Nilipoihoji imeitoa wapi, ikaomba radhi na kuifuta. Ndiyo maana kila tarakimu naidai ionyeshe ilipoandikwa.

Kwenye kuta ushauri wake niliupenda: rangi ya mati, isiyong'aa, huficha mabonde ya plasta, silki, yenye mng'ao kidogo, hufutika madoa kirahisi ila huanika kila kasoro, hasa taa ikimulika kutoka ubavuni. Fundi yeyote mzoefu angekwambia hivyohivyo.

Basi nikaiomba inichoree chumba. Ikaniongezea dirisha lisilokuwepo, vigae vya sentimita 60 kwa 60 vikaonekana vikubwa kama meza, na mistari ya grauti, ile saruji ya kujaza kati ya vigae, ikayeyuka kabisa, wakati grauti ndiyo utakayoitazama na kuisugua miaka yote. Rangi ya krimu iliyotulia kwenye skrini, nilipoipaka kwenye kipande cha ubao, usiku iligeuka njano chini ya balbu ya 2700K, yenye mwanga wa manjano. Chini ya 4000K, yenye mwanga mweupe zaidi, ikarudi kuwa krimu. Sababu akili mnemba iliijua vizuri tu nilipoiuliza, sasa sijui kwa nini isiseme mapema. Paka ubao, uutazame asubuhi, mchana na usiku, ndipo ununue ndoo.

Hesabu ya maboksi ilitoka vizuri, pamoja na nyongeza ya asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, haikuihesabu mpaka nilipoitaja.