Mita ya mtiririko kwa kiwanda kidogo cha bia: ununue ipi, uisafisheje

Kabla hujauliza bei, muulize muuzaji: mita hii inasafishika kwa ndani bila kufunguliwa kila siku? Isiyosafishika, hata ikisoma sawasawa, itafuga bakteria wa Lactobacillus na Pediococcus, na bia itachachuka kabla haijamfikia mnywaji. Nimezipanga kwa kuzingatia kigezo hicho, bei na kazi ya kila moja.

1. Mita ya sumakuumeme

Kwa kiwanda kinachopika lita 500 au 1,000 kwa mpigo, anza na hii. Ndani yake ni bomba tupu: hakuna kinachozunguka, hakuna pa kunasa hopsi (maua ya kuitia bia uchungu) wala makapi ya kimea. Inafuata kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Kimiminika kinachopitisha umeme kikikatiza kwenye uga wa sumaku huzalisha volti ndogo inayolingana na kasi yake. Nyingi zinataka angalau mikrosimensi 5 kwa sentimita, na juisi ya kimea, bia na maji ya bomba huvuka hapo kwa mbali. Maji yaliyoondolewa madini yote yanaweza kuishinda.

Chagua yenye utando wa PFA (aina ya plastiki) ndani na viungo vya klempu vya viwanda vya vyakula, na uhakikishe inastahimili joto la usafishaji wako. Ukubwa upime kwa kasi ya kimiminika, mita 1 hadi 3 kwa sekunde, usinunue tu kwa kufuata unene wa bomba lililopo. Ifunge mahali bomba linapopanda, ili ijae muda wote. Ikibaki na hewa, itakudanganya.

2. Mita ya pangaboi ya chuma kisichoshika kutu

Nafuu, na inafaa sana kwa maji ya kupikia na bia iliyokwisha kuchujwa. Usiiweke baada ya sufuria ya kuchemshia, kwa sababu hopsi zitaikaba. Usiipulizie mvuke wala hewa ya kompresa pia: pangaboi litazunguka kupita kiasi na beringi zitakufa.

3. Mita ya mawimbi ya sauti ya kubana nje

Haigusi bia, hivyo haina cha kusafishwa. Mapovu ya kabonidioksidi huivuruga. Ni nzuri kwa kukagua mita nyingine.

4. Mita ya Coriolis (ya mirija inayotetemeka)

Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, maana hupima uzito na msongamano, hata kushuka kwa sukari utakuona. Bei yake ndiyo imeishusha hapa.

Vile vimita vya plastiki vya bei ya chini viache kwenye maji baridi tu.

Usafi

Suuza kwa maji ya uvuguvugu mara tu bia inapoisha kupita, kabla mabaki hayajakauka. Zungusha kostiki soda ya asilimia 1 hadi 2, nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, kwa dakika 20 hadi 30, pampu ikisukuma kwa nguvu. Suuza tena. Kisha tumia asidi ya fosforiki au nitriki, hatua ambayo wengi huiruka. Mawe ya bia, yaani oksalati ya kalsiamu, hayatolewi na kostiki. Yakiganda kwenye elektrodi (vipande vya chuma vinavyosoma volti ndani ya mita ya sumakuumeme), usomaji huanza kupotoka polepole bila wewe kujua. Malizia na asidi ya perasetiki, ya kuua vijidudu, kabla ya kupitisha bia.

Klorini usiikaribishe: hutoboa chuma kisichoshika kutu vijishimo, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Mita ya pangaboi ifungue mara kwa mara, utoe pangaboi na ukague nyuma yake, ndipo uchafu unapojificha.

Kuihakiki

Pitisha maji kwenye pipa lililo juu ya mizani: lita 100 za maji ya nyuzi 20 zina kilo 99.8. Na kumbuka joto. Juisi inayochemka hunywea karibu asilimia 4 ikipoa hadi nyuzi 20, kwa hiyo lita 1,000 zilizosomwa zikiwa moto zitaingia tangini kama lita 960. Usiirudishe mita dukani kwa sababu ya lita hizo 40.