Kipimo cha mate cha 23andMe na ripoti yake ya uzito

Kampuni ya Marekani ya 23andMe hupima DNA kutoka kwenye mate, na moja ya ripoti zake hukadiria uzito wako kwa kutazama jeni. Kama lengo lako ni kujua ule nini upungue, usinunue. Ukitaka kuelewa kwa nini mwili mmoja huweka mafuta upesi kuliko mwingine, utapata jibu la kweli, ingawa ni la jumla mno.

Upande wa vifaa hatuna lawama. Ndani ya kisanduku mna kichupa chenye mstari, faneli iliyobeba dawa ya kuhifadhi, na kifuniko kidogo. Dakika 30 kabla ya kutema, usile, usinywe, usivute sigara wala kutafuna chingamu. Mate yenyewe ndiyo yafike kwenye mstari, povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea. Funga faneli kwa nguvu dawa ishuke, iondoe, funika kichupa, kitikise sekunde 5. Sajili namba ya kichupa kabla ya kukituma, la sivyo maabara haitajua mate ni ya nani. Mate machache au yenye mabaki ya chakula hutoa DNA haba, na sampuli hukataliwa.

Ripoti haisomi jeni nzima. Chipu ya maabara husoma nukta zilizochaguliwa mapema, yaani sehemu ndogo za DNA ambazo watu hutofautiana, kisha alama zake hujumlishwa. Nukta mashuhuri iko kwenye jeni ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007: mwenye nakala mbili za aina ya hatari huwa mzito kwa takriban kilo 3, kwa wastani. Mwaka 2015 watafiti walionyesha sababu mojawapo. Badiliko hilo huziamsha jeni za jirani, IRX3 na IRX5, na seli changa za mafuta zikaelekea kuweka akiba badala ya kuchoma mafuta kutoa joto. Ni ugunduzi mzuri sana, lakini kilo 3 hazielezi kilo 40.

Nukta hizi nyingi zilipatikana kwa watu wa asili ya Ulaya, na nyingi hazileti unene zenyewe, ziko tu karibu na badiliko la DNA linalouleta. Kwa Mwafrika ujirani huo mara nyingi umevunjika, hivyo jumla ya alama hubashiri kwa udhaifu zaidi.

Kuhusu mlo, jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la 2018 lilifuata watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, na jeni zilizopimwa hazikuonyesha nani afuate mlo upi. Anayekuuzia "mlo wa jeni zako" ajibu hilo kwanza.

Kinachotusumbua zaidi ni wazazi wanaotegemea kipimo hiki kwa mtoto aliyenenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5 na hashibi kamwe. Hitilafu adimu za jeni zinazoongoza njaa, kama MC4R, POMC au ile ya leptini (homoni ya shibe), zinaweza kupita chipu bila kuonekana. Mtoto huyo anahitaji daktari wa homoni na usomaji kamili wa jeni hizo, kwa kuwa baadhi zina tiba: upungufu wa leptini hutibiwa kwa sindano za leptini, na dawa ya setmelanotide iliidhinishwa Marekani 2020 kwa hitilafu za jeni za POMC, PCSK1 na LEPR.

Kuna pia suala la siri. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika. Ukishapima, pakua ripoti, ondoa idhini ya kuhifadhi mate, kisha futa akaunti.