Nyumba ya mirathi Ngamiani: miezi 7 ya kungoja saini

Nimenunua nyumba ya marehemu Ngamiani, Tanga. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani mlimau na choo cha nje, mbele fremu moja ya duka. Bei milioni 68. Nyumba naipa nyota 5, safari ya kuipata 3, na dalali naomba nisimpe kitu.

Dalali ndiye aliyenipeleka. Msimamizi wa mirathi, mtoto mkubwa wa kiume, akatoa barua ya Mahakama ya Mwanzo, mhuri upo, jina lake lipo. "Leo leo tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa," dalali akasema, "kuna mtu wa Korogwe anaisubiri." Walitaka kishika uchumba cha milioni 10. Nilikuwa nimeshafungua simu nihamishe pesa.

Mke wangu akasema tumpe wakili laki tatu kwanza aangalie. Upekuzi wa ardhi ukaonyesha hati bado ina jina la marehemu na pango la ardhi lina deni la miaka minne. Wakili akanieleza kuwa barua ile inampa msimamizi kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Haimfanyi mwenye nyumba. Ilibidi kwanza aandikishwe kwenye hati kama msimamizi, ndipo asaini uhamisho. Na mrithi asiyeridhika anaweza kurudi mahakamani kuomba usimamizi utenguliwe, mimi nikajikuta ndani ya kesi na pesa zimeshaliwa.

Mzee aliacha mjane, vijana watatu na mabinti wawili. Muhtasari wa kikao cha familia ulikuwa na saini za wote isipokuwa binti mmoja, yuko Muscat. "Huyo hana shida," kaka yake akasema. Wakili akaomba apigiwe pale pale. Dada akapokea, akasalimia vizuri, halafu akauliza, "Nyumba gani inauzwa?"

Kaka mtu akawa anatazama dari.

Ikachukua zaidi ya miezi miwili dada kutulia, na simlaumu hata kidogo. Mwishowe akamwandikia mdogo wake hati ya uwakilishi, ikashuhudiwa ubalozini kule, ikaletwa. Mtu akikuambia mrithi aliye nje "hana shida", mpigie mwenyewe.

Kwa mjane nilikwenda peke yangu. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha barazani. Hakuwa na neno na bei. Alichotaka kujua ni lini atatolewa. Tukaandika kwenye mkataba kwamba atakaa miezi mitatu baada ya mauzo bila kodi. Wakili alisita kidogo, mimi sikusita.

Malipo tulifanyia benki, warithi wote wamekaa kwenye viti vya wateja kama wanasubiri daktari. Baada ya kodi na madeni ya mzee zikabaki milioni 64, wakagawana Kiislamu: mjane thumuni yake, yaani moja ya nane, milioni 8, kila kijana 14, kila binti 7. Kila mmoja akasaini kupokea, nami nikachukua nakala. Karatasi hizo ndizo msimamizi anazotakiwa kuzipeleka mahakamani anapofunga hesabu ya mirathi, na mnunuzi akiwa nazo analala usingizi.

Ofisi ya ardhi kuna fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, msizisahau. Upande wa muuzaji walilipa asilimia 3 ya bei, maana hakuna aliyekuwa na risiti za mzee za kujengea ili wakokotolewe kodi kwenye faida. Ushuru wa stempu, kama asilimia 1, ukaniangukia mimi. Wakili, pamoja na laki tatu za mwanzo, alikula milioni moja na nusu. Nilinung'unika, nikalipa.

Kosa langu ni fremu. Niliikagua paa, nikahesabu madirisha, sikumuuliza mwenye duka analipa nani. Siku ya pili baada ya kukabidhiwa funguo nikaenda kujitambulisha kama mwenye nyumba mpya. Akanitolea risiti: kodi ya miezi sita mbele, kamlipa msimamizi wiki mbili kabla ya mauzo. Nimemwacha amalize. Kila jioni nanunua unga kwake, na wala hanipunguzii.